Gari la Fimbo

Watu wa Kivukoni, pale barabara ya kutoka Ifakara inapokomea kwenye mto Kilombero, waliamini kwamba Pantaleo hajui woga ni nini, na yeye hakuwahi kuwakatalia, maana sifa ya bure nani anaikataa? Alikuwa mwenye mtumbwi. Masika yakifurisha mto na pantoni ikafungwa kando kwa minyororo, yeye ndiye aliyevusha watu wa Lupiro na wa Mahenge: wagonjwa, mabibi harusi, magunia ya mpunga, na safari moja padri aliyefumba macho tangu ukingo huu hadi ule. Siku kiboko alipouinua mtumbwi wake mbele ya umati, Pantaleo alimgonga kafi puani na kumwambia asogee, watu wana haraka zao. Hadithi hiyo ilifika mpaka Kiberege, ikatiwa chumvi njiani, na ilipogeuza kurudi ilikuwa na viboko watatu.

Kumbe mtu huyo alikuwa anaogopa. Mwaka ule wa hamsini na sita aliamka na hofu na kulala nayo, na hofu yenyewe haikutoka mtoni hata kidogo. Aliogopa barabara. Masika ya mwaka uliotangulia mkewe Stefania alishikwa na uchungu, wanaume wakambeba kitandani kumpeleka hospitali ya misheni mjini, tope likiwafika magotini, na kabla hawajamaliza nusu ya njia mtoto akazaliwa palepale kwenye mvua. Hakulia. Pantaleo alikuwa ameshika mguu wa kitanda, mvua inampiga usoni, hana la kufanya. Wajawazito wa ng'ambo nzima aliwavusha wakafika salama, halafu wa kwake, tena kwenye nchi kavu, akashindwa kumfikisha. Sasa Stefania alikuwa mjamzito tena, mimba inakaribia kutimia, na mvua zimeanza.

Ndipo likaja suala la gari.

Hilari, mtu wa Lupiro, alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyelima pamba upande wa Kiberege. Mzungu huyo mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, unaning'inia tu, na kwa kuwa alikuwa mbishi na hakutaka kuendeshwa kila siku, alimpata fundi akang'oa usukani wote wa duara na kuweka fimbo ya chuma. Fimbo ilisimama mbele ya kiti, katikati, kimo chake kama cha mchi, ili aishike kwa mkono wa kushoto. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia Hilari gari kama asante, naye akapanga hapo Kivukoni na kuliweka bandani. Watoto wakaliita Gari la Fimbo, na jina likashika.

Hilari hakulitaka. Alikuwa amechoka kulala chini ya magari ya watu, alitaka kurudi Lupiro akalime mpunga wake na kuvua samaki wake. Alichokitaka ni mtumbwi, tena si mtumbwi wowote. Alitaka ule wa Pantaleo, ambao marehemu baba yake aliuchonga kwa mti mmoja wa mvule na kuuburuta kutoka msituni yeye na nusu ya ukoo wake. Gari kwa mtumbwi, kichwa kwa kichwa, na Hilari alisubiri jibu mpaka Pasaka ipite.

"Usiogope fimbo, kaka," Hilari alimwambia, akipangusa boneti kwa kiwiko. "Ukiisukuma kushoto, gari linaenda kushoto. Ukiivuta kulia, linaenda kulia. Hata mbuzi angeelewa."

"Mimi nimeshasema naogopa?" Pantaleo aliuliza.

"Hapana. Wewe tena! Mtu wa viboko watatu?"

Pantaleo akacheka naye, huku moyoni anapiga hesabu. Bila gari, ni kitanda na tope tena. Akiwa na gari, mtumbwi umekwenda, na mtumbwi ndio uliomlisha yeye, mkewe na wadogo zake tangu baba yao afe. Na gari lenyewe halikumpendeza. Halikuwa na adabu ya kuonekana kama magari mengine. Mtu akichungulia ndani, pale macho yalipozoea duara anakuta chuma kimesimama peke yake, kana kwamba kinamsubiri. Alikuwa akipita mbali na banda la Hilari ili asikione.

Wiki ya Matawi, ile ya mwisho kabla ya Pasaka, mama mkwe wake, Balbina, alifika kutoka Kiberege kumsubiri bintiye ajifungue. Huyu alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga, mfupi, mwenye mikono migumu kama mpini wa jembe. Mto aliuogopa kiasi kwamba maji ya kuoga alichotewa na wengine. Kwa heshima ya ukwe hakulala nyumbani kwa Pantaleo, alikaa kwa jirani, Aurelia. Pantaleo akimwona njiani alijitosa majanini. Hawakuwahi kutazamana usoni wala kusemeshana tangu ndoa, kila neno lilipitia kwa Stefania hata kama wote watatu wako ua mmoja.

"Stefania," Balbina alikuwa akisema, amegeukia ukuta, "mwambie mwenzio kuku wameingia kwenye mchele."

"Stefania," Pantaleo naye alikuwa akijibu kutoka nyuma ya nyumba, "mwambie mama nimesikia."

Jumatano Hilari alimpandisha Pantaleo garini kwa majaribio, kwenye uwanja mkavu nyuma ya nyumba za kivukoni ambako wanawake walianika mpunga kwenye mikeka. Watu walijaa. Alionyeshwa klachi, breki na mafuta, na miguu yake ilijifunza upesi. Akaondoka taratibu. Fimbo kushoto, gari kushoto. Fimbo kulia, gari kulia. Akazunguka uwanja mara ya kwanza na ya pili, wanawake wakapiga vigelegele, na hofu ikaanza kumtoka. Alijiona akimteremsha Stefania kwenye mlango wa hospitali, nguo zake hata hazina tone la tope.

Ndipo Aurelia alipokurupuka na ungo kuwafukuza mbuzi, akatokea mbele ya gari upande wa kulia. Pantaleo akashtuka. Kichwa chake kilisema kushoto, na mikono yake ikasukuma fimbo kulia kwa nguvu zote. Gari likamgeukia Aurelia. Aliruka, Mungu ni mwema, ungo ukaenda juu, na gari likapita juu ya mikeka, likaponda mpunga na kusimama hatua moja kutoka kwa Balbina, aliyekuwa amechuchumaa anapepeta. Balbina hakukimbia. Alibaki na macho ameyakaza kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza mkwe na mkwe wakatazamana.

"Breki za zamani hizi," Pantaleo alisema aliposhuka.

"Breki nzuri tu," alisema Hilari, akikuna kichwa. "Lakini sawa. Kuzoea."

Watu walicheka, wakaokota mpunga, wakasema hata kiboko siku ya kwanza humshtukiza mtu. Pantaleo alikwenda kukaa ndani ya mtumbwi wake uliofungwa, akaitazama mikono. Aliielewa, na kuielewa kwenyewe kulimtisha. Mtumbwi unauongoza ukiwa nyuma. Ukitaka uelekee kushoto, mpini wa kafi unausukuma kulia, na ukitaka kulia unausukuma kushoto. Hakuna mtu wa mtoni anayefikiri jambo hilo, kama vile hafikirii namna ya kumeza mate. Alipokuwa ametulia, mikono ilimsikiliza. Aliposhtuka, ilirudi mtoni bila kumuuliza.

Jioni ile Stefania alikuwa anasonga ugali, tumbo limemtangulia, na mumewe amekaa kwenye kigoda na mwiko wa akiba ameusimamisha katikati ya magoti.

"Unafanya nini na mwiko wangu?"

"Najizoesha. Niambie, kushoto au kulia."

Stefania akaanza, kwa kicheko. Kushoto, akapeleka mwiko kushoto. Kulia, akapeleka kulia. Kushoto, kulia, kulia, kushoto, hakukosea hata mara moja, mpaka akaanza kutabasamu. Stefania akageuza ugali, halafu akapiga ukelele: "Nyoka! Kulia kwako!"

Mwiko ukaenda kulia, palepale nyoka alipotajwa.

Walirudia. Stefania alibuni chui, mtoto barabarani, shimo, na baba mkwe wake aliyekufa zamani. Kila aliposhtuka kwa kweli mwiko ulikwenda kinyume, kule kwenye hatari. Mwisho hakuna aliyecheka tena. Stefania aliutoa mwiko mikononi mwake polepole, akauosha, akautundika.

"Mama aliona," alisema. "Aliniambia, mwenzio alivuta kama mtu aliye majini."

"Amesema mengine?"

"Amesema hata yeye anaogopa."

Pantaleo hakulala vizuri. Hofu ilikuwa moja, sasa zikawa mbili na zinavutana. Alfajiri alikuwa ameshaamua kukataa gari, na kulipokucha mvua ilinyesha na kuigeuza barabara kuwa uji, naye akaamua kulichukua. Aliamua hivyo na kubatilisha mpaka Ijumaa Kuu, na hakumwambia mtu, kwa sababu mtu wa viboko watatu angeanzia wapi kusema?

Jumamosi, jua likiwa limeinama kidogo, uchungu ulimshika Stefania kabla ya wakati wake. Ulikuja wa nguvu. Aurelia alikimbia kutafuta wanaume wa kubeba kitanda, akarudi na wazee wawili na kilema mmoja, maana vijana wote walikuwa wamekwenda kwenye misa ya mkesha mjini. Pantaleo akakimbia kwa Hilari. Alimkuta kitandani amejifunika mablanketi, homa inamtikisa hadi meno yanagongana.

"Chukua ufunguo," Hilari alisema. "Siwezi hata kusimama, kaka. Nenda nalo."

Pantaleo alichukua ufunguo. Jasho lilimtoka kana kwamba homa ameichukua yeye. Akaliwasha, akalileta taratibu mpaka mbele ya nyumba, na alipofika akabaki amekaa, mkono juu ya fimbo. Wanawake walimlaza Stefania nyuma juu ya magunia, Aurelia akapanda kumshika. Stefania aliita jina la mumewe mara moja tu, na mara hiyo moja ilimtosha. Aliiona ile njia ya mwaka jana yote, mvua yake, na kile kimya.

"Siwezi," alisema, na hakujua anamwambia nani. "Nitamuua."

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Balbina akapanda, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, akaketi kwenye kiti kimoja na mkwewe. Pantaleo alijibana mlangoni mpaka kitasa kikamchoma ubavu. Afadhali kiboko angeketi pale.

Balbina alitazama mbele. "Stefania," alisema kwa sauti, desturi ikiwa bado mdomoni, "mwambie mwenzio yeye akanyage huko chini. Fimbo naishika mimi."

Nyuma Stefania aliguna kwa uchungu, hakuwa na nafasi ya kupeleka salamu za mtu.

"Mama..." Pantaleo alianza, akakoma, kwa kuwa hakuwahi kumwita hivyo ana kwa ana.

"Mtumbwi mkubwa unaendeshwa na watu wangapi?" Balbina aliuliza, bado anatazama mbele.

"Wawili. Mmoja mbele anasukuma kwa pondo, mmoja nyuma anaongoza kwa kafi."

"Basi. Mimi mto siujui. Mikono yangu haijui pengine pa kwenda." Akaikamata fimbo kwa mikono yote miwili. "Kanyaga, baba."

Akakanyaga. Waliondoka kwa gia ya chini na hawakuibadilisha mpaka mwisho, injini inalia kama inaonewa. Barabara ilipita juu ya tuta, maji ya mafuriko huku na huku, na tope liliyashika magurudumu na kuyaachia kwa ghafla. Balbina alisukuma fimbo jinsi anavyosukuma jembe, kwa mwili mzima, midomo ikisema Salamu Maria bila sauti. Kila gari lilipoteleza, mkono wa Pantaleo uliinuka wenyewe kutoka gotini. Akauweka chini ya paja lake na kuukalia.

Karibu na daraja la magogo alitokea mtu wa baiskeli, amefunga matenga mawili ya samaki wakavu, amejikita katikati ya barabara na hataki kusikia. Alikuwa anayumba kuelekea kushoto kwao. Pantaleo alipiga kelele, akasahau breki kabisa, na mkono ukachomoka chini ya paja ukaidaka fimbo na kuisukuma kushoto, kwenye yule mtu, kwenye maji.

Balbina alimpiga. Kofi la nguvu, la mama kwa mtoto mtukutu, juu ya kiganja. "Toa!" alisema. "Hapa si mtoni!"

Mkono ukaachia. Balbina akaivuta fimbo kulia kwa uzito wake wote mpaka akamwangukia mkwewe begani. Gari likapita, tenga likakwangua ubavu wa bodi, na mwenye baiskeli akabaki nyuma anatukana ukoo wao mzima. Magogo ya daraja yalinguruma chini yao. Pantaleo alikuwa analia na hakujificha. Balbina alijinyoosha, akairekebisha kanga, akaishika fimbo tena.

"Kanyaga," alisema. "Usinitazame, nitaogopa zaidi."

Walifika. Watawa walimpokea Stefania na machela, mlango ukafungwa. Pantaleo alikaa kwenye ngazi na masikio yake yakisubiri kile kimya cha mwaka jana. Kengele za mkesha zilipigwa kanisani, zikanyamaza. Halafu ndani mtoto akalia, kwa hasira, kama aliyeamshwa, na akaendelea kulia mpaka mama mmoja kwenye foleni akasema huyo atakuwa mpiga mbiu. Pantaleo alibaki pale kwenye ngazi, akimsikiliza.

Jumatatu ya Pasaka Hilari alifika kwa lori la mtu, amekonda, blanketi begani, kuangalia gari lake. Uani pa hospitali palikuwa na watu wengi, wa Mlabani, palepale mjini, na wa Kivukoni waliokuja kutazama wagonjwa. Wote walikuwa wamesikia jinsi Pantaleo alivyoendesha gari kwenye mafuriko, na tayari katika maneno yao yule wa baiskeli alikuwa amekuwa nyati.

"Nimeona limekwaruzwa, lakini ni zima," Hilari alisema, akicheka. "Sasa ni lako, au vipi? Watu wote wameshasikia."

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kukubali. Wangempigia makofi, na masika mengine angeishika fimbo ile peke yake, na mtu wa baiskeli angekuwepo tena, au mtoto. Pantaleo alimrudishia Hilari ufunguo.

"Silichukui. Mtumbwi wangu siutoi. Stefania akishika mimba nyingine nitamleta mjini kabla ya mvua, akae kwa watu hata miezi."

"Kwa nini? Si umeliendesha?"

"Sikuliendesha mimi. Aliyeshika fimbo ni mama mkwe wangu. Mimi nikishtuka mikono yangu inakwenda kinyume, nawapeleka watu kwenye maji. Naliogopa, Hilari. Naliogopa kuliko kitu chochote."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, kwanza kwa kutoamini. Pantaleo aliketi na kicheko kikampitia. Hakikuuma alivyodhani, ila mikono aliificha kwapani.

Balbina alitokea mlangoni na mjukuu amemfunga kwenye kanga. Kwa desturi angempa mtawa, mtawa ampe baba. Alitazama uani, akawaona wanaocheka, akamwona mkwewe alivyojikunyata. Akashuka ngazi moja kwa moja na kusimama mbele yake, uso kwa uso, watu wote wanaona.

"Toa mikono," alisema.

"Mama, naogopa. Nitamwangusha."

"Hata mimi naogopa, baba. Nani alikwambia siogopi?" Akamwekea mtoto kiganjani, palepale alipompiga. "Shika. Huyu hana kushoto wala kulia."